Mama Dakika na Mkono wa Fundi Viatu

Ukitaka kumwona Mama Dakika amewaka, hesabu mapigo ya mgonjwa kwa sekunde kumi na tano, zidisha kwa nne, andika jibu kwenye chati, halafu ondoka zako kama mtu aliyemaliza kazi. Hutafika mlangoni. Atakuita kwa sauti ya chini, maana kwenye chumba cha wagonjwa mahututi hakupigwi kelele, lakini sauti yake ya chini ni balaa kuliko makelele ya watu wengine.

"Njoo hapa, mwanangu. Hizo sekunde arobaini na tano zilizobaki umempelekea nani?"

Basi jina likamganda. Kwenye vyeti ana jina lake zuri tu alilopewa na bibi yake, lakini hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu, ni Mama Dakika. Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mnene kiasi chake, mwenye saa ya kubandika kifuani ambayo inaning'inia kichwa chini ili yeye akiinamisha macho aisome sawasawa. Kila asubuhi, kabla hajatazama mashine yoyote, anapita kitanda kwa kitanda. Anamshika mgonjwa kifundo cha mkono, anafunga mdomo wake (jambo ambalo halitokei mara nyingi), anaikodolea macho ile saa, na dakika nzima inapita. Mnaweza kumwita, simu inaweza kulia, hageuki.

Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, anapenda kusimulia siku ya kwanza alipothubutu kumshika mkono, enzi za ujana. Anasema binti alitulia, akainamisha macho, na yeye moyoni akajua mambo yameiva. Kumbe mwenzake yuko kwenye hesabu. Dakika ilipokwisha binti akainua uso, akamwuliza, "Mia moja na nne. Una homa au unadanganya?" Mpaka leo mzee akitaka kumchokoza anasema alioa mashine ya hospitali, na yeye humjibu kwamba mashine ingekuwa imeshaharibika kwa kuishi naye.

Lakini dakika yenyewe haikuanza kwa mzaha. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, mgeni kazini, wodi ya wanawake, alipewa vitanda kumi na vinane peke yake. Kulikuwa na mama mmoja muuza mkaa, kalazwa na homa. Binti akamshika mkono, akahesabu ishirini na mbili kwa sekunde kumi na tano, akazidisha, akaandika themanini na nane. Namba nzuri kabisa. Yule mama alifariki kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyemuuliza chochote, na chati ilifungwa ikapelekwa stoo. Ila yeye alikumbuka kwamba vidole vyake vilihisi kitu, mapigo yaliyokuwa yanakimbia halafu yanasita, na kwamba aliuachia ule mkono kabla hajajua ni nini. Hakumwambia mtu kwa miaka mingi. Aliona aibu, na aibu ile hakuitafutia dawa, aliigeuza kuwa desturi ya kazi.

Sasa tuje kwa fundi viatu.

Fundi huyu aliletwa siku ya Jumatatu, amebebwa mzobemzobe na mkewe na jirani. Alikuwa amejichoma kiganja na ile sindano nene ya kushonea soli, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Fundi gani anayelazwa kwa sababu ya sindano? Siku nne baadaye mkono ukawa umevimba mpaka kiwiko, anatetemeka, anaongea na watu wasiokuwepo. Vijidudu vilikuwa vimeshatoka kwenye kidonda vikaingia kwenye damu, na damu ikavisambaza mwili mzima. Madaktari wanaiita sepsisi. Mama Dakika akiwaeleza ndugu wa mgonjwa hutumia maneno yake mwenyewe: "Mwili unapigana na adui, lakini unarusha mawe hovyo, unavunja mpaka vyombo vya ndani." Ndugu wanaelewa, na wengi wanakaa chini papo hapo.

Walimpa antibayotiki, dripu za maji, na dawa ya kupandisha presha. Wakampasua pale palipovimba. Kufikia Jumatano homa ilikuwa imeshuka na fundi alikuwa anajua yuko wapi. Alikuwa hata ameanza kutazama viatu vya watu. Alimwambia Mama Dakika, kwa sauti ya kukwaruza, "Sista, kisigino chako cha kushoto kimelika upande. Unatembea umeegemea." Mama Dakika akacheka, akamwambia apone kwanza ndipo atafute wateja.

Mke wa fundi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, anayefua nguo za watu kwa kazi. Alikuwa anakuja kila siku saa nne asubuhi, muda ambao ndugu mmoja anaruhusiwa kuingia kwa robo saa. Anavaa gauni la hospitali, ananawa mikono mpaka viwikoni kama daktari wa upasuaji, anasimama miguuni pa kitanda na kutazama. Hakuwa anauliza maswali. Mama Dakika alimwona kama mtu aliyeshika kamba kwa mikono miwili na hataki kuongea asije akaiachia.

Alhamisi ikafika.

Chumba kina vitanda vitano, na siku hiyo mashine zenye nyaya za kubandika kifuani, zile zinazoonyesha moyo wenyewe unavyopiga, zilikuwa nne. Moja ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita. Jumatano jioni aliletwa mgonjwa mpya hali mbaya, na ilibidi mtu anyang'anywe. Nani? Aliye nafuu. Fundi akavuliwa zake, akaachiwa kile kibanio kidogo cha kidoleni, kinachosoma oksijeni na kuhesabu mapigo yanayofika kwenye kidole. Si kosa la mtu. Hata Mama Dakika angefanya hivyo hivyo.

Kosa lilikuja asubuhi. Nesi mmoja alikuwa ametoa taarifa kwamba anaumwa, kwa hiyo Mama Dakika badala ya wagonjwa wawili akawa na watatu. Na hajamaliza hata kupokea zamu, yule mgonjwa mpya wa kitanda cha kwanza akaanza kuzama. Ikawa ni mbio: dawa hii, bomba lile, mpigie daktari bingwa, leta oksijeni. Alipopata nafasi ya kupumua ilikuwa imeshafika saa moja na nusu asubuhi na chati ya fundi ilikuwa tupu. Akasimama pembeni ya kitanda. Fundi amelala, uso umetulia. Kibanio kinasema tisini na mbili. Mama Dakika akaandika tisini na mbili. Kwenye nafasi ya mdundo, yaani mpangilio wa mapigo, akaandika "sawa". Akaenda.

Ndiyo, yeye. Mama Dakika mwenyewe, kwa mkono wake.

Saa tatu akaja daktari wa zamu. Huyu alikuwa kijana mwenye akili nyingi na miguu mirefu, manesi walimbatiza Daktari Mbio, kwa sababu ukimwuliza swali unajibiwa akiwa ameshafika kitanda cha pili. Akasoma chati ya fundi. Homa hakuna. Mapigo tisini na mbili. Presha imeteremka kidogo, si sana.

"Maji yamepungua mwilini," akasema. "Mpeni lita moja, presha itapanda. Ikikaa vizuri, saa nane ahamie wodi ya kawaida. Kitanda chake kinahitajika."

"Sawa, daktari," akasema Mama Dakika, na akaitundika dripu mwenyewe. Namba zote zilikuwa zinakubaliana. Alishukuru kwamba angalau mmoja anatoka akiwa anatembea.

Saa nne mke wa fundi akaingia. Akasimama mahali pake. Mama Dakika alikuwa anapita na sinia la dawa.

"Sista."

Mama Dakika alishtuka, maana hakuwahi kusikia sauti ile ikianza mazungumzo.

"Naam, dada."

"Leo hujamshika mkono."

"Nimempima, dada yangu. Anaendelea vizuri. Leo leo tunampeleka wodi ya kawaida."

"Sijasema kupima. Nimesema kumshika." Yule mke alikuwa anamtazama mumewe, si nesi. "Kila siku nikifika mkono wake umekaa juu ya shuka, umenyooshwa vizuri, na jana akaniambia, sista amenishika. Juzi nilikuja mapema nikakuona kupitia kioo. Umenyamaza, umeinamisha kichwa. Nikajua unamwombea. Leo mkono uko chini ya shuka. Nimemuuliza, kasema leo hujamwombea."

Mama Dakika alitaka kucheka. Miaka yote ile, kumbe watu wanadhani anasali! Lakini kicheko kilikwama, kwa sababu mke wa fundi aliongeza neno jingine.

"Na mbona anahema hivyo? Jana hakuwa anahema hivi. Kama mtu aliyepandisha ngazi."

Hapo Mama Dakika akaweka sinia chini. Alisikia uso wake unapata joto, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Akatoa mkono wa fundi chini ya shuka, ule mzima, akaweka vidole vitatu mahali pake, akainamisha macho kwenye saa.

Mapigo matatu ya haraka. Moja dogo, kama limekosea njia. Kimya. Mawili makubwa. Kimya tena. Manne yamefuatana yanakimbizana. Hakuna mpangilio wowote. Alihesabu mpaka mwisho wa dakika, na hii ndiyo iliyomtia baridi: jibu lilikuwa tisini na nne. Kibanio hakikuwa kimedanganya hata kidogo. Kilikuwa kimehesabu vizuri kile kilichofika, na kisichofika hakikujua kuwa kipo.

Alikumbuka mkono wa muuza mkaa. Si kwa picha, kwa vidole. Yalikuwa ni mapigo yale yale.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga dripu. Karibu nusu lita ilikuwa imeshaingia. Kitu cha pili, akasema, bila kupaza sauti, "Dada, usiogope, lakini toka nje unisubiri. Nitakuja mwenyewe." Kitu cha tatu, akamwita Daktari Mbio.

"Daktari. Chukua stethoskopu yako. Weka kwenye moyo. Mimi nashika mkono. Tutatumia saa hii yangu. Nikisema anza, tunahesabu wote wawili, dakika nzima."

"Mama, nina mgonjwa kule wa..."

"Dakika moja."

Sauti ile ya chini. Daktari Mbio akainama. Kwa dakika nzima watu wawili wazima walisimama pande mbili za kitanda bila kusema neno, na fundi viatu katikati yao akiangalia dari, kifua kinapanda na kushuka. Katikati ya dakika, macho ya daktari yalianza kubadilika. Midomo yake ilikuwa inakwenda haraka haraka, anahangaika kuwahi hesabu.

"Basi," akasema Mama Dakika. "Ngapi?"

"Mia moja na hamsini. Pengine zaidi, yananipita. Wewe?"

"Tisini na nne."

Wakatazamana. Hamsini na sita zilikuwa zimepotea njiani kati ya moyo na mkono. Daktari Mbio hakuhitaji kuelezwa, alikuwa kijana wa mbio lakini si mjinga. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vimeacha kubana na vinatetemeka tu, na vya chini vinafuata bila mpango, haraka mno, kiasi kwamba mapigo mengine yanapigwa moyo ukiwa haujajaa. Pigo tupu halifiki mkononi, na ndiyo maana kibanio kilikuwa kimetulia muda wote na namba yake nzuri.

"Presha imeshuka kwa sababu ya hii," akasema daktari. "Si maji. Na mimi nimeagiza lita..."

"Nimeifunga. Imeingia nusu. Sikiliza mgongo wake chini."

Akasikiliza. Chini ya mapafu, pande zote mbili, kulikuwa na milio ya maji, laini, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Moyo uliochoka ulikuwa umepewa maji zaidi ya kusukuma, na umeshindwa, na maji yakatafuta pa kukaa. Hapo ndipo ilipokuwa hatari yote. Fundi akipelekwa wodi ya kawaida saa nane na lita nzima mwilini, kwenye wodi ambayo nesi mmoja ana wagonjwa ishirini, asingeiona Ijumaa.

Daktari bingwa akaja, mwanamke mkimya mwenye miwani ya kamba shingoni, akiongozana na mashine ya altrasaundi. Akapaka jeli, akabonyeza kifua, na wote watatu wakaona kwenye kioo moyo wa fundi viatu ukibana nusunusu, kama mkono wa mtu aliyelala anayejaribu kukunja ngumi.

"Haukuwa hivi alipoingia," akasema bingwa. "Nilimpima Jumatatu. Ni sepsisi imeupiga. Misuli imepigwa bumbuwazi, haijafa. Tukimpitisha hapa, inarudi." Halafu akauliza swali ambalo mabingwa wazuri huuliza: "Kwa nini leo? Alikuwa anapona. Nani anauchokoza?"

Mama Dakika alikuwa ameshaanza kufungua bandeji ya ule mkono mbovu. Kidonda cha juu kilikuwa kisafi, kinapendeza. Akabonyeza katikati ya kiganja, taratibu, na fundi, ambaye alikuwa hajalia tangu aletwe, akapiga yowe. Ndani kabisa, chini ya misuli, usaha ulikuwa umejificha.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda inavyotakiwa, na mtu yeyote aliyewahi kuona watu wanaojua kazi yao anajua raha yake, hata katikati ya hofu. Mashine ya nyaya za kifuani ilipatikana, bingwa mwenyewe aliifuata chumba cha upasuaji akarudi akiisukuma. Wakampa dawa ya kutuliza mdundo, wakamrudishia madini ya damu yaliyopungua, wakampa dawa ya kukojoa ili mapafu yapumue, na ya kupandisha presha wakampa tone kwa tone. Mchana wakampeleka, wakampasua kiganja, wakaosha kila kona.

Lakini kabla ya hapo, kulikuwa na suala la chati.

Bingwa alikuwa anaipekua. "Saa moja na nusu, mapigo tisini na mbili, mdundo sawa. Nani alihesabu?"

Daktari Mbio akajikuna shingoni, na akafanya jambo la kiungwana. "Inawezekana ilikuwa sawa wakati huo, daktari. Mdundo unaweza kuharibika ghafla. Labda umeanza saa tatu, saa nne."

Na ilikuwa kweli inawezekana. Nafasi yenyewe ilikuwa imekaa mbele yake, safi, hata hakuiomba. Miaka ishirini na minane ya kuwafokea watoto wa watu kuhusu sekunde arobaini na tano, na hakuna mtu katika chumba kile ambaye angejua.

"Labda," akasema Mama Dakika. "Mimi sijui. Sijui kwa sababu sikuhesabu. Nilisoma kibanio nikaandika."

Akachukua chati. Kwenye chati hakufutwi, unapiga mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke. Akapiga mstari mmoja juu ya tisini na mbili, mmoja juu ya "sawa", akaandika pembeni: Sikuhesabu. Akaweka sahihi na saa. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Bingwa aliitazama ile sahihi, akasema "Asante," akageuza ukurasa.

Mke wa fundi alikuwa kwenye benchi la nje, mikono magotini. Mama Dakika akakaa pembeni yake. Alimweleza yote bila kupunguza: moyo umekorogeka, unapigwa na ule ugonjwa wa damu, mkono una usaha, atapelekwa tena kupasuliwa, na saa chache zijazo ni ngumu.

"Na kitu kingine, dada. Mimi si kwamba huwa namwombea. Huwa namhesabu mapigo. Na leo asubuhi sikuhesabu. Niliandika namba ya mashine. Wewe ndiye uliyenirudisha pale kitandani."

Mama Dakika alingoja matusi, na alikuwa ameamua kuyapokea yote, hata yakiwa ya nguoni.

"Sasa hivi nani amemshika?" mke akauliza.

"Daktari yuko naye."

"Basi rudi ukamshike wewe."

Akarudi. Na usimwone ni mtu wa kujisifu, lakini tangu aliporudi hakuwa na wasiwasi tena. Aliujua mkono ule sasa. Kila nusu saa walihesabu wawili, yeye mkononi, Daktari Mbio kifuani, dakika nzima. Mia na arobaini kwa tisini na sita. Baada ya upasuaji, mia na ishirini kwa mia. Zamu yake ilipokwisha aliandika namba zake kubwakubwa ili anayepokea asidanganyike. Ijumaa namba hizo mbili zilikuwa zinakaribiana. Jumamosi saa nne asubuhi, mke akiwa amesimama mahali pake miguuni pa kitanda, Mama Dakika akasema, "Basi. Ngapi?"

"Themanini na sita," akasema Daktari Mbio.

"Themanini na sita," akasema Mama Dakika.

Mke wa fundi alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Zimelingana?"

"Zimelingana, dada. Hakuna iliyopotea."

Hapo ndipo yule mwanamke mkavu alipokaa chini sakafuni, na gauni lake la hospitali, akalia kwa sauti mpaka fundi kitandani akaanza kulalamika kwamba anamwaibisha mbele za watu.

Kabla fundi hajaruhusiwa kwenda nyumbani, bingwa alimwambia kwamba moyo umerudi sehemu kubwa lakini utahitaji kuchungwa. Mama Dakika akamwita mke wake pembeni, akamfundisha. Vidole vitatu hapa, si kidole gumba, gumba kina mapigo yake kitakudanganya. Saa mbele yako. Dakika nzima. Sikiliza kama yanakwenda sawa, kisha andika. Akampa daftari la shule, la mistari.

Baada ya wiki sita walirudi kliniki. Fundi alikuwa amenenepa, kiganja kina kovu refu, vidole viwili bado vigumu. Kabla hata ya salamu aliinama kutazama kile kisigino. "Bado unatembea umeegemea, sista. Nilijiambia sitaki kufa nikiiacha kazi ile." Mkewe akatoa daftari kwenye mkoba na kumkabidhi Mama Dakika kama mwanafunzi anayewasilisha mtihani.

Mama Dakika akavaa miwani. Kila siku mstari wake: tarehe, namba, na neno moja, sawa. Sabini na nane, sawa. Themanini na moja, sawa. Sabini na sita, sawa. Mwandiko mkubwa, wa mtu ambaye hakuandika mara nyingi maishani. Aligeuza ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu, siku ya Jumapili, hakukuwa na namba. Kulikuwa na neno moja.

Sikuhesabu.

"Hapa palikuwa na nini?" akauliza.

"Tulikuwa tumegombana," akasema mke wa fundi. "Sikutaka kumgusa."

"Alininunia siku nzima," akasema fundi. "Nimempa mkono mwenyewe, hakuutaka!"

"Ungeweza kuandika sabini na nane tu," akasema Mama Dakika. "Nisingejua."

"Ndiyo. Usingejua."

Mama Dakika akachomoa kalamu mfukoni. Katika daftari zima la siku arobaini na mbili hakuweka alama kwenye namba hata moja, ila pembeni ya ule mstari wa Jumapili aliweka sahihi yake, ile ile ya kwenye chati, na saa. Halafu akavuta kiti karibu, akamshika fundi viatu kifundo cha mkono, na akainamisha macho.